Sisimizi Walipoacha Kuja

Hiyo sufuria iweke chini kwanza. Nitakuuzia, haina miguu ya kukimbia. Umeingia hapa unaniambia mumeo kakutwa na sukari, unataka sufuria ndogo ya kumchemshia mchicha wake peke yake, na kuanzia leo ugali hagusi, wali hagusi, ndizi hagusi. Na umesema kwa majivuno, nimekuona. Kaa kwenye stuli hiyo, mdogo wangu. Mimi Winifrida nina mdomo, Mtaa wa Narung'ombe wote unanijua, nimeutumia kugombana na watu miaka ishirini. Leo nautumia kwa faida yako.

Unamwona yule baba pale nyuma, kwenye kiti cha plastiki, anayepanga vifuniko? Anavipanga vidogo hadi vikubwa, anavipangua, anaanza upya. Wateja wageni huniambia, "Mama, baba yako hana usumbufu." Si baba yangu. Ni mume wangu, Rogath, na ana miaka hamsini na saba.

Ungemjua zamani! Hapa Kariakoo kila Mchaga mwenye duka anaitwa Mangi, lakini ukisema "Mangi wa majina" watu walikuwa wanakuleta moja kwa moja hapa. Alikuwa na kichwa huyu bwana, sijaona mwingine. Mteja akija mara moja kutoka Liwale kununua sahani za bati, akapotea miaka miwili, siku akirudi Rogath anamwita jina kabla hajavuka mtaro, anamuuliza yule mtoto mwenye kifafa anaendeleaje. Kulikuwa na Bushiri, mfanyabiashara wa Kilwa. Bushiri alikuwa anapita maduka matano yenye bei nzuri kuliko yetu, ili tu aje aitwe jina lake. Na kabla ya biashara Rogath alikuwa na swali moja kwa kila anayetoka mbali: "Umekula?" Ukisema bado, biashara inasimama, unaletewa chai na vitumbua vya Siwema, jirani yetu anayekaanga pale kona. Mimi nanuna. Namwambia, Baba Caroline, hapa ni duka au hoteli? Anacheka tu.

Na kabla sijafika kwenye sukari ya ugonjwa, nikusimulie ya kilo. Mwaka themanini na tatu nilijifungua mtoto wetu wa mwisho, Anaeli. Damu ilinitoka sana, nikawa siwezi hata kukaa. Chakula hakipiti, na uji usio na sukari nikiuweka mdomoni unarudi. Na wakati ule sukari ilikuwa wapi? Maduka matupu, ukikutwa na vifurushi viwili nyumbani unaitwa mhujumu uchumi. Rogath alipanga foleni siku mbili, jua lake, mvua yake. Akarudi na robo kilo amefunga kwenye leso. Akanikorogea uji, akaninywesha kijiko kwa kijiko mpaka sukari yote ikaisha. Yeye mwenyewe hakuonja hata ya kulamba kidole. Mimi niko hai kwa ajili ya ile leso.

Basi miaka ikageuka, ikawa ruksa. Unakumbuka mwenyewe tisini na mbili ilivyokuwa: nguo za mitumba zimerundikwa hadi barabarani, redio za kila aina, soda za kila rangi, na sukari kwenye magunia inamwagika njiani watu wanaikanyaga. Ndiyo mwaka huo huo Rogath akaanza kunywa maji. Anamaliza jagi, anataka jingine. Usiku mzima yuko njia ya uani. Na kule uani, sisimizi wakaanza kupanga mstari kwenye sakafu ya choo. Nilimwaga mafuta ya taa, wapi! Mama mmoja wa kanisani akanishika mkono, akaniambia, "Mama Caroline, mpeleke mumeo akapimwe. Sisimizi hawafuati mkojo bure."

Nikampeleka. Daktari, kijana mwenye foleni ya watu mia nje, alisema mambo matatu. Apunguze vyakula vya sukari na wanga. Vidonge anywe akishakula. Na asikae na njaa hata siku moja. Nilisikia yote matatu, masikio yangu yalikuwa mazima. Nikalibeba la kwanza, mengine nikayaacha pale pale mezani kwa daktari.

Usinitazame hivyo. Unajua kwa nini? Baba yake Rogath alikufa kwa ugonjwa huo huo kule kwetu Kibosho. Alikatwa mguu, akakatwa na wa pili, na vidonda nilivisafisha mimi, bibi harusi wa miezi mitatu. Harufu ile haijanitoka mpaka leo. Nikiwa kwenye teksi tunarudi kutoka hospitali, niliapa kimoyomoyo: huyu wangu hakatwi hata kucha. Nilimpenda, mdogo wangu. Nataka ulijue hilo, maana kwa niliyoyafanya unaweza kudhani nilimchukia.

Kesho yake nikaanza. Ugali, marufuku. Wali, marufuku. Ndizi, marufuku. Mchaga kunyimwa ndizi! Mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama aliyokula tangu hajaota meno, nikaufuta nyumbani kwangu. Halafu mtu akanambia nyama nayo mbaya, nikafuta nyama. Maziwa yana utamu, nikafuta maziwa. Maharage nikayatilia shaka, nikayafuta. Ikabaki mchicha wa kuchemsha, mlenda, na chai ya rangi isiyo na kitu. Asubuhi kidonge, jioni kidonge, tumboni kuna majani. Kabati la chakula nikalitia kufuli, ufunguo nikauning'iniza shingoni pamoja na rozari.

Na kipimo changu, utacheka. Hospitali mbali, foleni ndefu, nikabuni changu. Kila asubuhi Rogath anakojoa kwenye kopo, naumwaga kidogo pale penye ukuta wa uani, saa sita naenda kutazama sisimizi. Mwezi wa kwanza walikuja wengi. Wa pili, wachache. Wa tatu, hakuna hata mmoja! Nikashangilia, nikaenda kutoa sadaka ya shukrani. Nilikuwa nawaita majirani waje waone ukuta mtupu. "Njooni muone, Winifrida kaishinda sukari!" Sisimizi watakuambia sukari ikizidi. Ikiisha kabisa mwilini hawakuambii kitu. Hilo nani alilijua?

Rogath hakugomba. Huyo ndiye Rogath, hana ugomvi. Mara moja tu, jioni, nimemwekea bakuli la mlenda, akalitazama, akasema, "Mama Caroline, nasikia njaa mpaka kwenye vidole." Mimi nikamjibu, "Njaa haijaua mtu aliye na mke. Kula unyamaze." Nilimjibu hivyo, kwa mdomo huu huu.

Akakonda. Suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Nikasema ndiyo dawa hiyo, inafanya kazi. Halafu mambo mengine yakaanza, kidogo kidogo. Kufuli la duka tunalitafuta nusu saa, tunalikuta ndani ya chupa ya chai. Anaanza sentensi, anaiacha hewani. Saa nne asubuhi anatoka jasho jingi, mikono inatetemeka, anakuwa mkali kwa wateja, yeye! Mimi kwa akili yangu nikasema sukari imepanda, kuna mtu anamlisha kisirisiri. Unajua nilifanya nini? Nilimwongezea nusu kidonge.

Siku Bushiri alipokuja kutoka Kilwa ndipo nilipoogopa. Aliingia, akasimama pale ulipo wewe, akatabasamu akisubiri jina lake. Rogath akamwangalia. "Karibu, bwana..." akasema. "Karibu, bwana..." Bushiri akaendelea kusubiri, tabasamu linamfia usoni. Mimi nikajifanya nacheka, nikasema, "Bushiri, mwenzako kazeeka!" Bushiri hakucheka. Alinunua masufuria yake, na wakati anatoka alimpa Rogath mkono, akamwambia polepole, "Mimi ni Bushiri, Mangi. Bushiri wa Kilwa." Siku ile nililia kwenye stoo, katikati ya mabeseni. Niliomba Mungu jambo moja tu: kichwa cha mume wangu kisiondoke. Mguu nilishaulinda, nikaanza kuomba kichwa.

Kisha nikagundua Siwema anampa vitumbua. Weee! Nilimwendea pale konani kwake, mbele za watu, nikalikamata karai lake la mafuta kwa kanga yangu. Nikamwambia, "Siwema, ukimpa mume wangu kitumbua kingine nakumwagia mafuta haya. Unataka kuniua mume?" Nikapita nyumba kwa nyumba, muuza karanga, muuza machungwa, mama lishe, hadi mlinzi wa ghala. Wote nikawaapiza. Watu wananiogopa, si unajua. Mtaa mzima ukamfungia Rogath mlango kwa amri yangu.

Mtu mmoja tu hakuniogopa, naye ni Chandu. Chandu ni Mhindi wa Upanga, ndiye aliyekuwa anatuuzia vyombo kwa jumla tangu tunaanza, na yeye na Rogath walikuwa wakikaa wanabishana mpira hadi duka linafungwa. Kumbe Chandu naye ana sukari, miaka kumi na mbili anatembea nayo. Siku moja Rogath alipotea, Chandu ndiye aliyemrudisha hapa dukani. Alimkuta Jangwani, kakaa chini karibu na klabu ya Yanga, hajui njia. Rogath, mtu wa Simba wa damu, akutwe pale! Chandu alijaribu kumtania. Rogath hakuelewa utani.

Chandu akamkalisha kwenye kiti kile kile. Akafungua chombo chake cha chakula, kile chenye bakuli tatu zinazopandana, anachofungiwa na mkewe Shobhana kila siku. Kulikuwa na chapati ya unga wa uwele, dengu, bilinganya na maziwa ya mgando. Akampa Rogath chapati. Jamani, alivyoila! Alishika kwa mikono miwili. Mimi natoka stoo naona hivyo, nikamrukia, nikampokonya ikiwa mdomoni. Kipande kingine kikabaki mkononi mwangu, kimelowa mate yake.

"Mama Caroline," Chandu akasema, taratibu kabisa, "huyu hajapoteza akili. Huyu ana njaa. Mimi nakula mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Kidonge bila chakula ni sumu. Shobhana atakufundisha, mwite tu."

Unajua kilichoniuma? Si lile la sumu. Ni lile la njaa. Mimi, mke wa Kichaga, mwenye duka la masufuria, niambiwe mume wangu ana njaa! Na aniambie mwanamume, tena mgeni wa jikoni kwangu. Nilimjibu maneno siwezi kuyarudia mbele yako. Nilimwambia akafundishe mkewe, akauze sahani zake, mguu wake usikanyage hapa tena. Chandu akafunga bakuli zake, moja juu ya nyingine. Akamgusa Rogath bega, akaondoka. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano, tisini na tatu.

Mwezi wa tano. Hapo ndipo roho inaponiuma. Kama ningekuwa sijui, ningesema sikujua. Lakini niliambiwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, dukani kwangu. Na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi nikaendelea kumpa majani na kidonge na nusu, kwa sababu ya kiburi.

Mwezi wa kumi, Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nashusha mzigo. Rogath akatoka polepole akaenda kwa Siwema. Siwema mwenyewe alinisimulia baadaye, analia. Anasema Rogath alisimama mbele ya karai, jasho linamtiririka, akanyoosha mkono akasema, "Mama, naomba kimoja." Hakumwita Siwema. Jina lilishamtoka. Na Siwema, anayempenda huyu mtu kuliko kaka yake, akamwambia, "Mangi, nisamehe, Mama Caroline amekataza." Rogath akaitikia, "Haya, mama." Akakaa kwenye ukingo wa mtaro kwa adabu zake zote. Halafu akaanguka.

Teksi, hospitali, mimi napiga kelele, "Sukari imempanda! Sukari imempanda!" Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo. Alimtoboa kidole, akatazama, hata hakunijibu, akaita nesi kwa sauti. Wakamtundikia dripu. Nikauliza, ni dawa gani hiyo? Nesi akasema, "Maji ya sukari, mama."

Sukari! Nilitaka kuichomoa, wakanishika. Na mbele ya macho yangu, mtu aliyekuwa amelala kama gogo akafumbua macho. Nikasema Mungu mkubwa, amepona. Yule daktari akanivuta pembeni, akaniuliza anakula nini. Nikamtajia yote, kwa majivuno, kama wewe ulivyonitajia sasa hivi. Mchicha, mlenda, chai ya rangi. Akaniuliza, tangu lini? Nikamwambia, mwaka na miezi mitatu. Nikamwambia na habari za sisimizi, nikitegemea atanisifu.

Akalitazama faili. Wakati ule manesi walikuwa wameshampima uzito: kilo arobaini na nne, mtu aliyekuwa na sabini na nane. Daktari akasema, "Mama, sukari ya mume wako haikupanda. Ilishuka. Na imeshuka mara nyingi, kila alipotoka lile jasho. Ubongo nao unakula, chakula chake ni hiyo hiyo sukari, na vitu vingine ambavyo havimo kwenye majani peke yake. Ukiufungia chakula mara moja, mara mbili, unavumilia. Wake umefungiwa mwaka mzima."

Nikamuuliza, nikimlisha sasa, kichwa kitarudi?

"Kitakachorudi kitarudi," akasema. "Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Na ugonjwa wenyewe pia huweza kuharibu kumbukumbu, usibebe yote peke yako." Alikuwa mwema. Lakini mimi najua lipi ni langu.

Nikamlisha, mdogo wangu. Nilimlisha kwa hasira. Nilimwita Shobhana, nikampigia magoti pale Upanga kwenye ngazi za ghorofa lao, akaniinua, akasema, "Tuingie jikoni, Mama Caroline." Alinionyesha kiasi cha kila kitu kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe: ugali kiasi cha ngumi yake, mboga viganja viwili, maharage au samaki au nyama kila siku, tunda, mayai, maziwa. Yeye hali nyama wala mayai, dini yake hairuhusu, lakini alinihesabia mayai ya mume wangu. Alimletea Rogath wali mlaini uliopikwa na choroko, Chandu akiwa nyuma amebeba kijiko. Chandu hakusema "nilikuambia". Angesema ningepumua.

Nyama zikarudi mwilini. Suruali zikamtosha. Mikono haitetemeki, miguu yote miwili anayo, na kila kucha iko mahali pake. Nilisubiri kichwa. Nikasubiri Krismasi, nikasubiri Pasaka. Binti yetu Caroline alikuja kutoka Iringa anakofundisha, Rogath akampokea vizuri, akamwita kwa jina la dada yake yeye mwenyewe aliyekufa. Anaeli anamwita kijana. Chandu anamfurahia, lakini hamjui ni nani. Na mimi? Mimi ananiita mama. Ananishukuru kwa kila sahani. "Ahsante, mama. Mungu akubariki." Anadhani ni mwenye nyumba tu, mwanamke mwema anayempikia.

Sasa sikiliza la mwisho. Wewe si mtu wa kwetu, kwa hiyo nikueleze. Kule Kilimanjaro kuna jani linaitwa isale. Ni jani refu la kijani, limepandwa mipakani mwa kila kihamba, lile shamba la migomba la ukoo. Ukimkosea mtu vibaya, hata kama umemwaga damu, unamchukua mzee, mnakwenda na jani hilo limefungwa fundo, unampa uliyemkosea. Na yeye hawezi kukataa. Akishalipokea, yameisha. Haijalishi kosa ni kubwa namna gani, isale halikataliwi.

Nilimwandikia shemeji yangu Onesphory, kaka yake Rogath. Akashuka kutoka Kibosho na mche mzima umefungwa na udongo wake kwenye gunia. Nikaupanda pale uani, kwenye beseni lililotoboka, karibu na ule ukuta wa sisimizi. Unaona yale majani? Ndiyo yenyewe. Jumapili, baada ya misa, Onesphory akakaa kwenye stuli uliyokalia kuwa shahidi. Nikachuma jani, nikafunga fundo, nikapiga magoti mbele ya mume wangu kwenye sakafu hii ya saruji. Nikalinyoosha kwa mikono miwili.

Alilipokea! Mikono yake ilijua. Akalipitisha vidoleni, akaligusa fundo, macho yakamng'aa. Onesphory akashusha pumzi. Mimi nikasema moyoni, Bwana, amerudi.

"Isale," akasema. "Hili ni isale. Umemkosea nani, mama?"

Nikasema, "Nimemkosea mume wangu."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimnyima chakula," nikamwambia. "Alikuwa mgonjwa, akanambia ana njaa, nikamnyima. Niliambiwa nikakataa kusikia."

Alitikisa kichwa kwa huruma. Akafikiri kidogo. Halafu akakichukua kiganja changu, akaliweka lile jani ndani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Basi usinipe mimi," akasema. "Mpelekee yeye. Usiogope, atakusamehe, isale halikataliwi. Lakini nenda mapema, na umpelekee na chakula, maana kama ana njaa hawezi kusikia vizuri."

Onesphory alitoka nje. Mimi nilibaki pale pale magotini. Rogath akaniinamia, akaniuliza, "Na wewe, umekula?"

Sasa miaka miwili imepita. Kila Jumapili nachuma jani, nafunga fundo, nampigia magoti. Kila Jumapili anafurahi kuliona, ananiuliza nimemkosea nani, na nikishamwambia analirudisha mkononi mwangu. Jana pia. Akanisukuma kidogo begani, kama mtu anayemhimiza mtoto aende shule, akasema, "Nenda, mama. Mumeo anakusubiri." Nikamwambia haya, naenda.